Je, Yatupasa Kulinda Tusichokiona?

Siku moja niliwafundisha wanafunzi wangu hapa Bafwasende habari za mlima Ruwenzori. Niliwaeleza kwamba mtu apandaye kutoka Mutwanga hupita kwanza mwitu mnene, kisha mianzi, na akiisha kupita mita 3,000 hivi huingia katika nchi ya vichaka viitwavyo erika. Majani yake ni madogo kama sindano, na mashina yamepinda, yamevikwa kuvumwani na ndevu za kijivu. Penye mwamba na upepo, vichaka hivyo ni vifupi. Penye ukungu mwingi hukua hata kuwa miti. Juu zaidi husimama senesio na lobelia kubwa, zinazomshinda mtu kwa urefu, na usiku baridi hugandisha maji.

Mtoto mmoja akainua mkono: «Mwalimu, sisi hatutafika huko kamwe. Vichaka hivyo vyatuhusu nini?»

Nikajibu upesi: «Maji ya mto wetu Lindi yatoka huko. Vichaka vikifa, tutaona kiu.» Watoto wakaridhika. Lakini jioni nilipoifungua ramani niliona haya. Mito ya Ruwenzori huingia Semliki, na Semliki huingia Ziwa Albert, na kutoka huko maji hushika njia ya Nile mpaka Misri. Hayafiki Lindi. Nilikuwa nimetetea jambo jema kwa neno lisilo kweli. Kesho yake nilikiri kosa langu mbele ya darasa, na hapo ndipo swali la yule mtoto lilipopata uzito wake wote. Ikiwa mlima ule hautunyweshi, je, tuna wajibu wowote juu yake?

Yawapasa wasomaji kujua kwanza kwamba vichaka hivyo si vya bure. Matawi yake hukamata ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone. Kuvumwani na udongo wa bwawa huyashika maji na kuyaachia polepole. Huko Kilimanjaro moto umeteketeza erika nyingi tangu miaka ya 1970, na mnamo Oktoba 2020 moto mwingine uliwaka kwa siku nyingi. Penye erika zilizoteketea, ukungu hupita bila kukamatwa. Basi wakaao chini ya mlima wana sababu ya kuulinda. Lakini hiyo ni sababu yao. Sisi bado hatujapata yetu.

Wahenga husema: Asiyekuwepo na lake halipo. Ndivyo ilivyo desturi ya wanadamu, lakini sivyo ilivyo haki. Mtu akikuwekea amana, hukuuliza kama waipenda, wala huihifadhi kwa kuwa utaila. Waihifadhi kwa sababu si yako. Mimea ile haikupandwa na babu yetu yeyote, na hakuna fundi awezaye kuifanya upya. Tena makao yake ni kama visiwa: kila mlima mrefu ni kisiwa cha baridi, na mabonde ya joto ndiyo bahari iliyokizunguka. Joto la dunia likizidi, mmea hupanda juu kutafuta baridi. Lakini mlima una kilele, na baada ya kilele hakuna pa kukimbilia. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kilometa za mraba 6 na nusu hivi. Karne moja baadaye ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja. Kitu kisichorudi kikipotea chataka ulinzi kuliko kile tuwezacho kukipanda tena.

Lakini hapa hatuna budi kumsikiliza mwenye kupinga. Atasema: «Ni rahisi kwa mtu wa Bafwasende kuhubiri ulinzi. Mama akaaye kando ya mlima ahitaji kuni na shamba leo.» Asema kweli. Hifadhi ile iliundwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika, nayo sasa yaitwa Virunga. Tangu 1979 imehesabiwa kuwa urithi wa dunia, na mwaka 1994 iliwekwa kati ya urithi ulio hatarini. Walinzi wake wengi wamekufa. Aprili 2020, karibu na Rumangabo, 12 waliuawa siku moja. Dunia nzima ikisema «urithi wetu», na mzigo ukibebwa na mjane wa mlinzi na mkulima asiye na shamba, hiyo si haki. Tena moshi mwingi uliolipasha joto anga haukutoka katika mafiga yao. Amana ya wote hudai gharama ya wote.

Nasi je? Katika mwitu wetu yuko okapi, ambaye makao yake ya porini hayapo popote duniani ila Kongo. Twawaomba watu wa mbali wasimnunue ngozi yake, wala wasimwone kuwa si kitu kwa sababu hawatamwona kamwe. Twawezaje kuwadai hivyo, ikiwa sisi twaucheka mlima wao? Yule alindaye okapi hapa na yule alindaye erika kule ni walinzi wa amana moja.

Basi nilimjibu mtoto yule mara ya pili: «Vichaka vile havitupi kitu. Lakini mtu atunzaye tu kile kimpacho kitu, huyo bado hajaanza kutunza.» Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Na okapi, Mwalimu, watu wa mlimani wamjua?» Nilimwambia aandike barua, nami nitaitafutia njia ya kuifikisha Mutwanga.