Ushahidi wa Chuma

Kitu cha makumbusho aghalabu hakikutengenezwa ili kimfundishe mtu, na vile vilivyotumika katika biashara ya utumwa ya kuvuka Atlantiki vina tatizo la ziada. Pingu na minyororo ya aina inayohifadhiwa Liverpool, katika Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa yaliyofunguliwa mwaka 2007, iliagizwa na waliouza watu, hivyo humwonyesha mtumwa kama alivyoonwa na bwana wake, yaani mwili wa kufungwa na kuhesabiwa.

Hata hivyo, kitu chaweza kutoa ushahidi usiokusudiwa, yaani kufichua jambo ambalo mtengenezaji wake hakulifikiria. Mwaka 1787 Thomas Clarkson, Mwingereza aliyekuwa akikusanya hoja za kuipinga biashara hiyo, alinunua katika duka moja la Liverpool pingu za mikono na za miguu, kibano cha kubania vidole gumba, na chombo cha kitabibu ambacho ncha zake hupenyezwa baina ya meno kisha zikatanuliwa kwa kuzungusha skrubu. Muuzaji alimweleza kwamba mateka waliosusia chakula melini walipanuliwa vinywa kwa chombo hicho. Kiliuzwa mchana kweupe kwa sababu kilikuwa na wateja, na wateja walikuwapo kwa sababu kulikuwa na watu waliofumba midomo yao wasile. Basi chuma kilekile kilichokusudiwa kuvunja utashi, yaani uwezo wa mtu wa kukubali au kukataa, ndicho kinachothibitisha kuwa utashi huo ulikuwapo.

Kwa mtazamo huu, mwalimu anayemvisha mwanafunzi nakala ya pingu ili aonje mateso anapoteza muda, na pengine anatenda baya zaidi, maana mtoto anayejua kwamba atafunguliwa hajaonja chochote. Swali lenye faida ni kwa nini pingu ilihitajika.

Lakini chombo hakitaji jina, lugha wala kijiji cha aliyekataa, miongoni mwa watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa melini. Clarkson alikuwa pia na sanduku la vitambaa, viungo, mbao na pembe za ndovu kutoka Afrika, ambalo sasa limo katika makumbusho ya mji wa Wisbech, alilolitumia kuwaonyesha Waingereza mazao na ustadi wa Waafrika. Linafaa kufundishwa sambamba na pingu, ingawa hoja ya Clarkson ilikuwa kwamba kununua bidhaa kungeiletea Uingereza faida kubwa kuliko kununua watu, na mwanafunzi makini ataona kuwa hata hapo utu wa Mwafrika ulikuwa ukitetewa kwa hesabu za mfanyabiashara.