Bezaleli Hakuitwa kwa Ajili Yake Peke Yake

Masomo: Kutoka 31:1–6, Kutoka 35:30 hadi 36:7, Luka 14:28–30



Kila mwaka, mpunga ukiisha kuvunwa na magunia yakiisha kuingia ghalani, bonde letu hupata shughuli nyingine. Matokeo ya Kidato cha Sita hutoka, kisha hufuata majina ya waliopata nafasi katika vyuo vikuu. Katika nyumba nyingi za Ifakara, Mang'ula, Mlimba na ng'ambo ya mto, usingizi huwa haba siku hizo. Na katika nafasi zote zinazotafutwa, nafasi ya kusomea uhandisi ni miongoni mwa zile zinazogombewa sana. Wanaoomba ni wengi, viti ni vichache.

Nataka kusema nanyi juu ya jambo hilo, wala sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na vijana wawili katika mtaa wetu, wote wanakwaya, wote wamesoma fizikia, kemia na hisabati. Tuliwaombea wote wawili. Majina yalipotoka, mmoja alipata nafasi ya uhandisi, mwenzake hakupata. Jumapili iliyofuata nilimwita yule wa kwanza mbele ya kanisa. Akina mama wakapiga vigelegele, sadaka ya nauli ikakusanywa, nami nikasema kwa sauti kuu kwamba Mungu amejibu maombi yetu. Yule wa pili alikuwa ameketi pale pale katika kwaya. Sikumtaja. Kwa kweli sikumkumbuka.

Jumapili tatu zikapita bila kumwona. Nilipomfuata, nilimkuta nje ya mji anafyatua matofali. Akanawa mikono, akaniamkia, "Shikamoo, Mchungaji." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaniuliza neno ambalo sijalisahau: "Mchungaji, ulisema Mungu amejibu maombi. Je, yangu hakuyasikia?"

Ndugu zangu, siku ile sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi, tukakaa kimya juu ya rundo la matofali. Niliporudi nyumbani nilifungua kitabu cha Kutoka, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyakuta humo.

Wana wa Israeli walipokuwa jangwani, Mungu aliagiza hema ya kukutania ijengwe. Kazi ile ilihitaji vipimo, mbao zilizolingana, vitako vya fedha na vitambaa vilivyofumwa kwa ustadi. Basi Mungu akamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina lake Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na amemjaza Roho ili awe na hekima na ujuzi katika kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Akampa na msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani. Angalieni vema: anayejazwa Roho hapa si kuhani, wala nabii, wala mfalme. Ni fundi.

Kwanza, basi, tujue kwamba uhandisi ni utumishi. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kijana akienda kusoma uchungaji ameitwa na Mungu, bali akienda kusoma ujenzi wa madaraja ameitwa na mshahara. Hasha! Sisi wa bonde hili ndio tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengine. Wazee wanakumbuka jinsi reli ya TAZARA ilivyopita hapa kwetu, kazi iliyofanywa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kati ya Mlimba na Makambako walitoboa milima na kuvuka makorongo kwa mahandaki na madaraja mengi. Vijana wetu walibeba mawe na kuchimba udongo, lakini waliosoma ramani na kupiga hesabu walikuwa wengi wao Wachina. Mwaka 1975 mitambo ya kwanza ya umeme wa maji ikaanza kazi Kidatu, na huko pia utaalamu mwingi ulitoka nje.

Sababu yake ilikuwa wazi. Katika siku za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kijana wa Tanzania aliyetaka uhandisi ilimbidi aende Nairobi, maana masomo hayo yalitolewa huko. Ilipofika mwaka 1973 ndipo Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Leo kitivo kile kimekua kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, na vipo vyuo vingine pia, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Mlango ambao babu zetu hawakuwa nao umefunguliwa. Anayeingia kwa mlango huo asisahau kwamba ulifunguliwa kwa ajili ya taifa zima.

Nani asiyekumbuka kivuko cha Mto Kilombero? Mgonjwa kutoka Ulanga aliyekuwa akiletwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko alingoja ukingoni, na usiku alingoja zaidi. Mwaka 2016 kivuko kilizama. Leo tunalo daraja la mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, na mama mwenye uchungu wa uzazi anavuka kwa dakika chache. Mtu aliyekaa mezani akakokotoa uzito na nguvu ya maji ya masika amemfanyia mama huyo tendo la Msamaria mwema, ijapokuwa hawajapata kuonana. Na kazi bado ipo. Mto Lumemo ukifurika, maji huingia majumbani mwetu. Mvua zikizidi, barabara za vijijini hugeuka tope na mpunga hukwama shambani. Ni nani atakayeyashughulikia haya, kama si watoto waliokulia humu tulimo?

Pili, tuhesabu gharama. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hukaa kwanza akahesabu kama anavyo vya kumalizia. Wazazi wengi huanza kuhesabu majina yakiisha kutoka. Huko ni kuchelewa. Safari ya uhandisi huanza mapema, mtoto anapoamua kutoikimbia hisabati kwa kuwa ni ngumu. Chuo hutazama hasa ufaulu wa hisabati na fizikia katika Kidato cha Sita, na ushindani ukiwa mkali, kufaulu tu hakutoshi, maana wenye alama za juu hutangulia. Baada ya hapo ni miaka 4 ya masomo, pamoja na mafunzo kwa vitendo viwandani na katika miradi. Na akiisha kuhitimu, bado si mhandisi kamili. Ipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mhitimu hufanya kazi chini ya wazoefu kwa muda wa miaka 3 hivi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Asiyependa kuongozwa ajue hayo kabla ya kuweka msingi.

Wazazi, msivunjike moyo kwa sababu ya ada. Tangu mwaka 2005 Bodi ya Mikopo imekuwa ikiwakopesha wanafunzi wa elimu ya juu, na tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa na ufadhili unaoitwa Samia kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi. Someni masharti yake, na fomu zijazwe mapema, bila uongo. Lakini nawasihi jambo moja: msiuze shamba ili kumpa mtu anayewajia usiku akidai ana njia ya kununua nafasi. Nafasi hizi hutolewa kwa alama. Mtu huyo atakula fedha yenu na mwaka ujao hamtakuwa na shamba wala nafasi. Nawe kijana, usiingie chuoni kwa mtihani wa wizi. Daraja halidanganywi. Litakuja siku moja kukuuliza hesabu ile uliyoinakili kwa jirani, na siku hiyo watu watakuwa juu yake.

Wala tusiwahesabu wana wa kiume tu. Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, alikuwapo mtu mmoja, Shalumu, aliyejenga sehemu yake pamoja na binti zake. Imeandikwa katika sura ya tatu. Binti anayependa fizikia asipelekwe jikoni kila jioni huku kaka yake ameachiwa taa na daftari.

Tatu, hekima ya mhandisi iwe na unyenyekevu. Tazameni Kihansi, huko milimani juu ya bonde letu. Karibu na mwaka 2000 mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 180 ilianza kazi pale. Ni neema kubwa kwa nchi. Lakini maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, ule ukungu wa maporomoko ukapungua, na katika ukungu ule aliishi chura mdogo kuliko kidole gumba, ambaye hapatikani penginepo duniani. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba ametoweka katika makao yake ya asili. Bahati njema baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani wakazaliana huko, pale Kihansi yakatengenezwa mabomba ya kunyunyiza maji, na tangu mwaka 2012 chura wale wameanza kurudishwa. Sisemi hayo ili kuwalaumu wajenzi. Umeme tunautumia sote. Nasema ili kijana wetu ajue kwamba hesabu yaweza kuwa sahihi kwenye karatasi na bado imesahau kiumbe wa Mungu. Ikiwa chura aweza kusahauliwa, mjane mwenye kibanda kandokando ya barabara mpya atasahauliwa mara ngapi? Bezaleli alijazwa maarifa, lakini vipimo alivipokea. Hakujenga kwa fahari yake mwenyewe.

Nne, nasema nawe usiyeona jina lako. Hapa ndipo narudi kwa kijana wa matofali.

Nilikuwa nimesoma habari za Bezaleli mara nyingi, lakini sikuwa nimeuona vizuri mwisho wake. Katika sura ya 35 tunasoma kwamba Mungu alitia ndani ya moyo wake, na wa Oholiabu, kuwafundisha wengine. Tunasoma pia kwamba wanawake wenye ustadi walisokota nyuzi kwa mikono yao, na kila aliyeguswa moyo akaleta alichokuwa nacho. Katika sura ya 36 vitu vilizidi hata Musa akawazuia watu wasilete tena. Majina ya mafundi wawili yameandikwa. Ya wale wengine hayakuandikwa. Lakini hema haikusimama kwa watu wawili, wala Mungu hakukaa katika nusu ya hema iliyofanywa na Bezaleli. Alikaa katikati ya watu wote.

Basi kosa langu lilikuwa hili: nilifanya orodha ya chuo kuwa orodha ya mbinguni. Chuo huchagua kwa alama, na ni haki yake, maana viti ni vichache. Mungu hana viti vichache. Kumnyima mtu nafasi moja si kumnyima kazi yake. Mara nyingine ni mlango mwingine: wako wanaoingia kwanza vyuo vya ufundi, wakapata stashahada, na kwa alama njema wakaendelea hadi shahada. Mara nyingine ni kungoja mwaka. Mara nyingine, na tuseme kweli, ni njia tofauti kabisa, na inauma kwanza.

Nilirudi kwa kijana yule nikamweleza haya. Hakufurahi mara moja, wala sikutazamia afurahi. Lakini baada ya mwezi alikuja ofisini akaomba ufunguo wa kanisa kwa siku za Jumamosi. Sasa huwafundisha hisabati watoto wa sekondari zetu za kata, ambako walimu wa somo hilo ni wachache. Siku nyingine za juma bado anafyatua matofali, anaweka akiba ya ada ya chuo cha ufundi. Na mwenzake aliye chuoni, akija likizo, huketi naye mbele ya ubao ule ule. Nikiwatazama, namkumbuka Bezaleli na Oholiabu.

Kwa hiyo, wapendwa, mwaka huu majina yatakapotoka, tutawaita mbele vijana wote waliofanya mtihani, waliopata na waliokosa, na tutawaombea kwa majina yao. Nami naomba kila mwenye ujuzi wa hesabu, awe mwalimu mstaafu au karani, aje Jumamosi kusaidia. Asiye na hesabu alete mafuta ya taa au chaki.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyemjaza fundi Roho wako na kuzihesabu nyuzi zilizosokotwa na wanawake wasiotajwa: uwape waliochaguliwa bidii na unyenyekevu, uwape waliokosa tumaini na njia, nasi sote utupe macho ya kumwona aketiye nyuma, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye naye alikuwa fundi. Amina.