Mtoto Hakupatana Nauli

Neno boda boda lilizaliwa Busia. Wazee wa pale wanasimulia vile, miaka ya 1960, vijana wenye baiskeli walikuwa wakivusha watu kile kipande cha ardhi kilicho kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, huku wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili mbili. Neno likatoka hapo likaenda Tororo, Kampala, Kisumu, Nairobi, mpaka likafika hapa Kakuma. Njiani baiskeli ikawa pikipiki. Jina lilibaki lile lile, na naona kuna kitu kingine kilichobaki vile vile: namna ya kubeba watoto.

Kabla sijafika kambini nilikaa miezi kadhaa Masinya, upande wa Uganda, si mbali na mji wa Busia. Asubuhi ya siku za shule unaona pikipiki moja inapita na watu watano. Mtoto mdogo amekaa juu ya tangi, mikono ameshika katikati ya usukani. Dereva anafuata. Nyuma yake kuna watoto watatu wamebanana, na yule wa mwisho amekalia chuma cha mizigo, begi linaning'inia. Hakuna mwenye helmeti. Tanzania wana jina la ubebaji huo, wanauita mshikaki. Watu wakisikia wanacheka, na hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Lakini fikiria neno lenyewe: ni nyama iliyochomekwa kwenye kijiti.

Najua kambini hapa tunaona mambo kama hayo kila siku, na msomaji atauliza kwa nini nimeamua kuandika juu ya jambo la kawaida. Naliandika kwa sababu ni la kawaida. Jambo likishakuwa la kawaida hakuna anayeuliza kama ni sawa.

Tuanze na sheria. Ukivuka mpaka wa Busia pesa inabadilika, laini ya simu inabadilika, bendera inabadilika. Sheria ya pikipiki haibadiliki. Kenya inataka dereva na abiria wavae helmeti, na abiria asizidi mmoja. Uganda inataka hivyo hivyo. Tanzania, katika kanuni zake za mwaka 2010 za usafirishaji wa pikipiki, ilienda mbele zaidi: ilikataza boda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba sheria haipo. Kinachosemwa ni kwamba hakuna anayeifuata, na sheria isiyofuatwa na mtu si sheria tena.

Hoja hiyo nimeisikia sana, na haina uzito unaodhaniwa. Angalia barabara yenyewe. Yule dereva aliyebeba watoto wanne, asiye na helmeti, pengine hata leseni hana, yuko upande gani wa barabara? Yuko kushoto. Hakuna polisi pale Masinya wa kumlazimisha, lakini amekaa kushoto, kwa sababu akienda kulia atakutana uso kwa uso na lori la mizigo linalotoka mpakani. Sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini tulizaliwa kwenye nchi za kupita kulia, na tulipofika Uganda na Kenya tulilazimika kujifunza upya kuangalia upande gani kabla ya kuvuka. Tulijifunza kwa siku chache tu. Kumbe watu wetu wanajua kufuata sheria ya barabara. Wanafuata ile ambayo kuivunja kutawaumiza wao wenyewe papo hapo. Ile ambayo gharama yake italipwa na mwingine, siku nyingine, ndiyo wanayosema haifuatwi na mtu.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu sisi wakimbizi. Sisi tumefundishwa na maisha kwamba sheria ni ukuta. Foleni ya mgao, alama ya kidole, karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, fomu inayokataliwa kwa sababu jina limeandikwa kwa herufi moja tofauti. Mtu aliyeishi miaka kumi namna hiyo anajifunza kwamba sheria imewekwa na wengine kwa faida ya wengine, na mwenye akili ni yule anayejua pa kupenyea. Simlaumu. Kuna sheria nyingine ambazo kama watu wasingezikwepa, watoto wao wasingekuwa hai.

Lakini sheria si za aina moja. Kuna sheria ya makubaliano, kama kupita kushoto: ingeweza kuwa kulia, muhimu ni sote tuwe upande mmoja. Kuna sheria ya kuzuia, kama ile karatasi ya ruhusa, ambayo mwenye kufaidika nayo ni yule anayeilinda. Na kuna sheria ya kukinga, ambayo imewekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kujikinga. Kosa letu ni kuzitia zote kwenye gunia moja. Tukishazoea kuikwepa ile ya pili, tunaikwepa ya tatu kwa mkono ule ule na tabasamu lile lile, na tunajiona wajanja. Niliona hilo mara nyingi pale mpakani: dereva anaitoa helmeti kwenye kioo cha pembeni, anaivaa mita mia kabla ya polisi, anaivua mita mia baada yao. Yaani alikuwa amemvalia polisi, si kichwa chake.

Swali ninalotumia siku hizi ni moja. Nikiivunja sheria hii, nani ataumia? Ikiwa ni karani atakayekasirika, hiyo ni sheria ya kufikiria mara mbili. Ikiwa ni mtoto wa miaka sita, basi hata kama hakuna polisi kuanzia Busia mpaka Lodwar, inanifunga.

Kule Masinya kulikuwa na mtoto wa jirani, msichana wa miaka kama sita. Walikuwa wanarudi kutoka sokoni jioni, mama na watoto watatu kwenye boda moja, yeye akiwa wa mwisho nyuma. Akasinzia. Watoto husinzia kwenye pikipiki, ule mtikiso ni kama kubembelezwa. Kwenye marram pikipiki ikaingia shimo dogo, akaanguka. Hawakujua mara moja, mpaka mtu wa barabarani alipopiga kelele. Mfupa wa paja ulivunjika. Nilipoondoka pale alikuwa anatembea, lakini anachechemea.

Nilizungumza na dereva baadaye. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechangia pesa ya hospitali, na uso wake ulionyesha hajalala vizuri.

"Mzee, mimi si mzazi," aliniambia. "Mama amesema wapande, mimi nikatae kama nani? Nikikataa, wa nyuma yangu kwenye steji anawabeba."

Mama naye alikuwa na lake. "Sasa baba, hapo ningemwacha yupi? Nauli ya pikipiki moja nilikuwa nayo. Ya mbili sina."

Nikabaki nayo hayo mawili. Dereva anasema mama ndiye aliyekubali. Mama anasema umaskini ndio uliokubali. Na wazee waliokuja kutoa pole walisema ajali haina kinga. Ukifuata mstari wote huo, mwishoni hakuna mtu hata mmoja aliyefanya jambo lolote. Kuna mtoto tu mwenye mguu uliovunjika, na yeye ndiye pekee ambaye hakuulizwa. Nauli ilipatanwa juu ya kichwa chake, wakati anasinzia.

Ile methali naiheshimu, lakini ni ya kumfariji aliyekwisha patwa na jambo, si ya kupangia safari. Mvuvi anayesema ajali haina kinga hawachi kuziba tundu la mtumbwi wake.

Hoja ya umaskini ndiyo nzito, na siwezi kuipita haraka, hasa mimi ninayekula mgao. Helmeti nzuri ni pesa. Helmeti ya saizi ya mtoto hata kuiona kwenye steji ni shida, na helmeti ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto wa miaka minne inazunguka tu, haimkingi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko kitu kingine chochote. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tunayajua hayo, na bado mama hana pesa. Kumwambia anunue ni kumtukana.

Ila umaskini unasamehe kile unachokataza tu. Haukatazi kila kitu. Mtoto kukaa kwenye tangi hakumpunguzii mtu hata shilingi moja. Ni mazoea tu, na naona yametoka kwenye ile baiskeli ya zamani, ambapo baba alimkalisha mtoto kwenye chuma cha mbele. Baiskeli ilikwenda kilomita 15 kwa saa. Pikipiki inakwenda 60, mwendo mara nne, na nguvu ya kugonga haiongezeki mara nne, inaongezeka mara 16. Pikipiki ikigonga kitu, mtoto aliye mbele ya dereva ndiye wa kwanza kufika, na dereva anamfuata kwa uzito wake wote. Amegeuzwa kuwa mto wa kumkinga mtu mzima.

Kuna mengine yasiyo na bei. Mtoto ambaye miguu yake haifiki pa kukanyagia hana cha kujizuilia pikipiki ikiruka. Huyo akae katikati, kati ya dereva na mtu mzima anayemshika. Kitenge au leso iliyombeba mtoto ifungwe, ncha zisining'inie karibu na cheni na spoki. Mguu wa mtoto uwe mbali na bomba la moshi na gurudumu. Dereva aambiwe apunguze mwendo, na aambiwe kabla ya kupanda, kwa sababu ukishapanda hasikii. Anayesinzia ashushwe, mkae kidogo chini ya mti. Watoto wakubwa watembee na mdogo apande na mama, au wote watembee wakati njia ni fupi na jua limepoa. Hakuna hata moja hapo linalotaka mfadhili. Kama hayo ya bure hatuyafanyi, basi tusiseme ni umaskini peke yake unaotuzuia kufanya yale ya pesa.

Na nyinyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, naomba mnivumilie. Mashirika mengi yanakataza wafanyakazi wao kupanda boda boda wakiwa kazini. Ni kanuni nzuri. Mnafunga mikanda kwenye magari yenu hata kwa safari ya dakika tano, na hakuna anayewacheka. Lakini mama anapewa kadi ya kliniki, aje saa mbili kamili asubuhi na mtoto mchanga na yule wa miaka mitatu, kutoka mtaa wa mbali, na kila mtu ofisini anajua atakuja na nini. Ikiwa pikipiki ni hatari mno kwa mtu mzima mwenye bima, inakuwaje si hatari kwa mtoto wa mama huyo? Sisemi mlete magari kwa kila mtu. Nasema saa na mahali pa miadi navyo ni maamuzi ya usalama barabarani. Kliniki ya watoto ikiwa karibu zaidi siku moja kwa wiki, au saa ikisogezwa ili mama aweze kutembea, kuna mtoto hatapanda tangi.

Wengine watasema mtoto ni wa mzazi wake, na mzazi ndiye anayejua. Ni kweli mzazi ana haki ya kuamua mengi. Lakini sisi kwa lugha yetu tuna neno amana. Mali yako unaweza kuicheza kamari, ukiipoteza ni shauri yako. Amana huwezi. Mwanamume mzima anayepanda bila helmeti anacheza kamari na kichwa chake. Nitamshauri, akikataa nitamwacha. Anapompandisha mtoto mbele yake, anacheza kamari na kichwa alichopewa kutunza. Na amana haiko kwa mzazi peke yake. Dereva akishawasha pikipiki, kwa zile dakika ishirini imo mikononi mwake, hata kama hajui jina la mtoto.

Yule dereva wa Masinya aliuliza akatae kama nani. Nimelifikiria swali lake muda mrefu. Peke yake hawezi, hilo ni kweli. Wa nyuma yake atabeba. Lakini kila steji ina mwenyekiti, ina zamu, ina faini kwa anayeruka foleni, na faini hiyo inalipwa bila polisi hata mmoja. Watu wanaoweza kukubaliana nani abebe mteja wa kwanza wanaweza kukubaliana pia kwamba kwenye steji yao hakuna mtoto kwenye tangi. Nimeanza na hilo moja kwa sababu halina gharama, na kwa sababu linaonekana kutoka mbali, kila mtu anaweza kulikemea. Wiki hii nitakwenda kwenye steji iliyo karibu na shule yetu kumuuliza mwenyekiti wao. Anayetaka twende pamoja anitafute.