Istilahi za Fasihi na Uadilifu wa Msomaji

Wanafunzi wengi huzipokea istilahi za fasihi kama ushuru wa kuvukia mtihani. Hukariri kwamba msimulizi ni sauti inayoieleza hadithi, mhusika ni mtendaji au mtendwa ndani yake, na msuko ni namna matukio yalivyoungana. Mtihani ukipita, maneno hayo husahauliwa kwa furaha. Hasara ya usahaulifu huo si ya elimu peke yake. Msomaji anayekihukumu kitabu ni kadhi, na kadhi asiyeweza kumtenga shahidi na mshitakiwa hudhulumu hata nia yake ikiwa njema.

Mfano mwepesi umo katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, na mashitaka yake yana ufasaha mwingi. Hapana msomaji mwenye akili timamu atakayedai kwamba mtunzi aliichukia elimu hiyo kwa sababu Majivuno ameichukia. Huko jina la mhusika limekwisha kutoa ishara. Taabu huanza pale ambapo majina hayasemi kitu.

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971, ilikatazwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa sababu ya mambo ya zinaa yaliyoelezwa ndani yake. Waliokataza hawakuwa wajinga, wala hofu yao juu ya vijana haikuwa ya kuchekwa. Walakini hukumu ile ililishika tukio ikauacha msuko. Kabla Rosa hajapotoka, msomaji amekwisha kuonyeshwa baba mlevi na mkali, ambaye malezi kwake ni fimbo na amri. Baada ya kupotoka, msichana huyo anaishia kujitoa roho. Matukio yaliyopangwa hivyo hayaiti mtu kuzini. Yanauliza ni nani aliyemlea Rosa, na kwa nini mlezi hakuulizwa mapema. Zinaa imo katika mambo yanayozungumzwa. Dhamira ni jambo jingine. (Ni kweli kwamba walimu wa Kenya na wa Tanzania hawaweki mpaka wa dhamira na maudhui mahali pamoja, na ugomvi huo umekula wino mwingi kuliko unavyostahili. Jina lolote litakalochaguliwa, tofauti baina ya kusimulia jambo na kuliafiki haifutiki.)

Je, basi, istilahi ni ngao ya mtunzi? Yamkini mtu akatunga hadithi chafu, na akiulizwa akajibu kwamba aliyesema ni msimulizi, si yeye. Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki inamshika. Msimulizi husema, lakini mtunzi ndiye achaguaye: wapi hadithi ianze, wapi ikawie, nani anyimwe kauli. Watunzi wawili waweza kueleza habari moja ya msichana aliyehadaiwa akafa. Mmoja akakawia kitandani na kupita mbio kaburini, mwenzake akaanzia kwenye fimbo ya baba. Matukio ni yale yale, wala hapana neno la aibu katika hadithi ya kwanza lisilopatikana katika ya pili, lakini wawili hao hawana hatia sawa. Mtunzi hawajibiki kwa kila kinywa alichokifungua; anawajibika kwa mpango mzima. Kwa hiyo elimu ya msuko haimwokoi mtunzi kila mara. Huenda ikamtia hatiani mtu ambaye msomaji wa juu juu angemsifu kwa usafi wa maneno yake.

Hofu ya waliokataza inabaki na haki yake mahali pamoja. Kijana wa miaka 15 asomaye peke yake aweza kuliona tukio asiuone msuko, kwa kuwa tukio hujitangaza lenyewe, na msuko hutaka subira mpaka ukurasa wa mwisho. Hilo ni deni la mwalimu. Swali la kutaja dhamira tatu na kuzitolea mifano halilipi deni hilo, maana hujibiwa vema na mwanafunzi ambaye hakukifungua kitabu. Afadhali darasa lisimamishwe kwenye ukurasa ule ule unaoogopwa, liulizwe ni nani anayesema hapo, na ni jambo gani lililotangulia hata akayasema.