Paka Mpelelezi

Katika vichekesho vinavyotembea siku hizi juu ya simu za vijana wa Nyalukemba, hapa Bukavu, kimo kimoja kilichonishughulisha kuliko nilivyotazamia kushughulishwa na upuuzi. Nacho ni mwigo wa zile tamthilia za televisheni za upelelezi za miaka ya 1970, uliotiwa kila alama ya zama zile, picha iliyochujuka rangi, tarumbeta zenye haraka, gari refu lipindalo kona kwa kishindo, na jina la mwigizaji mkuu likiandikwa kwa herufi nene juu ya uso uliogandishwa. Ila uso wenyewe, badala ya kuwa wa bwana mwenye masharubu na koti la mvua, ni uso wa paka aliyevalishwa tai. Paka huyo haigizi chochote. Hukaa, hujilamba, hulala juu ya jalada la kesi. Nao wanadamu waliomzunguka, wenye vyeo na kofia zao, hukifasiri kila kitendo chake kuwa ni hoja, hata akimrukia mapajani bibi mmoja aliyevaa lulu, bibi yule hutiwa pingu papo hapo, na kweli mwizi huwa ni yeye.

Kijana wa jirani aliyenionyesha mchezo huo alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akatoa hukumu ambayo mwanachuoni angeizungusha kurasa kumi. "Papa," aliniambia, "huyu paka hajue kitu, njo samaki tu anatafuta."

Maneno hayo machache yamebeba mas'ala mazito. Maana ikiwa paka amemfichua mwizi, na mwizi ni mwizi kweli, kuna upungufu gani katika jambo hilo kwa kuwa mfichuaji alikuwa akiifuata harufu ya samaki? Je, ukweli hutiwa doa na ujinga wa aliyeutoa? Na kama hautiwi doa, kwa nini basi tunacheka?

Mchezo wenyewe si wa kwanza wa namna yake. Mwaka 1965 kampuni ya Walt Disney ilitoa filamu iitwayo That Darn Cat!, ambamo paka wa Kisiamu anarejea nyumbani usiku akiwa amefungwa shingoni saa ya mkononi ya mwanamke aliyetekwa nyara, na idara ya upelelezi ya Marekani ikalazimika kumwandama paka huyo vichochoroni akienda katika shughuli zake mwenyewe, chini ya uongozi wa afisa ambaye akikaribiana na paka hupiga chafya. Wenye elimu, silaha na redio wamekuwa maamuma. Asiyejua kusoma amekuwa imamu wao. Na zamani kabla ya hapo, mwaka 1843, Edgar Allan Poe alikwisha kumtia paka katika jambo hilo hilo bila ya mzaha: mtu amemuua mkewe kwa shoka, akamzika ndani ya ukuta wa chumba cha chini ya nyumba, akausiriba vizuri, na askari walipokuja akaugonga ukuta ule kwa majivuno; ndipo paka aliyezibiwa mle, naye muuaji hana habari, alipolia kwa sauti iliyowafanya askari waubomoe. Paka yule alilia kwa sababu alikuwa gizani na njaa inamuuma. Kilio kikawa ushahidi mikononi mwa wale walioshika zana za kubomolea.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami naomba msomaji anivumilie tukae hapo kidogo. Wanachuoni wa sheria ya Kiislamu humwita mukallaf yule aliyebebeshwa wajibu, mwenye akili na baligh, ambaye amali zake huandikwa na nia yake huulizwa. Na mnyama, kwa makubaliano yao, hayumo katika daftari hilo. Imepokewa katika hadithi za Mtume habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie vidudu vya ardhini. Tazama mizani ilivyolala: mwanamke ameulizwa juu ya paka, lakini paka hakuulizwa, wala hataulizwa, juu ya panya. Anaweza kuua bila dhambi na kufichua bila thawabu. Hiyo ndiyo sababu ya kicheko chetu tunapomwona amevishwa tai, kwani tai ile ni vazi la taklifu, wajibu ule wa mukallaf, nayo imetundikwa kwenye shingo isiyoweza kuulizwa neno. Ukweli waweza kuchimbuliwa na yeyote mwenye pua. Haki haitendwi ila na yule anayeweza kusimamishwa na kuambiwa: wewe uliyepewa amana hii, umeifanyia nini?

Walakini asije mtu akadhani kwamba kumwongezea paka akili na ibada kungelimaliza tatizo. Katika Kalila na Dimna, kitabu alichokifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, kimo kisa cha sungura na ndege waliogombea shimo la kukaa, wakaamua kwenda kwa paka mmoja aliyesifika kwa kufunga mchana na kusimama usiku katika sala, asiyemwaga damu ya kiumbe. Paka aliwapokea kwa unyenyekevu, akawaambia kwamba uzee umemlemaza masikio, basi wasogee karibu. Akawawaidhi juu ya dunia na upotevu wake, akawausia wasitafute ila haki. Wakasogea tena kwa kumwamini, akawarukia akawaua wote wawili. Huyu, tofauti na paka wa simu, alijua kila alichokifanya. Wa simu ana ukweli asioutambua, na huyu wa kitabuni ana utambuzi alioufanya mtego. Na mimi, nikilazimishwa kuchagua kati yao, ningemchagua yule wa tai, kwa kuwa nia yake, angalau, ni samaki wala si mimi.

Ninasema samaki nikiwa na ushahidi wa kila siku mbele ya macho. Asubuhi na mapema, mitumbwi ya wavuvi iliyounganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu inaporejea kutoka ziwani, na karabai zake zimekwisha kuzimwa, paka wa ufukoni huwa wamekwisha kujipanga kwenye mawe, mikia imezungushwa miguuni, wakingojea sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwamo katika Ziwa Kivu zamani. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na sasa ndio kitoweo cha maskini na cha tajiri. Mama mmoja anayewauza kwa kipimo cha kopo huwatupia paka wawili au watatu wale waliopondeka, na paka wakimwona tu humfuata mguu kwa mguu. Siku asipotupa, humtazama kwa namna ya karani wa ofisi anayengojea matabishi, yaani bakshishi. Mpelelezi wa namna hiyo hununuliwa kwa bei nafuu sana. Kisa cha simu kilikuwa kimelificha jambo hili kwa kumpa bahati nzuri kila safari: mwizi ndiye aliyekuwa na samaki. Je, samaki angalikuwa kwa aliyeibiwa?

Katika fasihi yetu ya Kiswahili tunaye mpelelezi wa sifa tofauti kabisa, naye ni Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, maiti ya Bwana Ali imekutwa mzimuni, mahali panapoogopwa, na tayari wapo wanaoona kwamba mahali penyewe panatosha kuwa jibu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na sahibu yake Najum ubavuni, anakataa jibu hilo. Wengi wameona katika kukataa huko ushindi wa akili juu ya ushirikina, nami sikanushi. Lakini mimi huona ndani yake jambo la dini pia, tena la dini iliyo safi, kwa sababu anayewatwika mizimu damu ya mtu amemwondolea mwanadamu hesabu yake. Ameifanya dhambi kuwa mvua, kitu kinachonyesha tu bila ya mwenyewe. Kusema kwamba aliyeua ni mtu, na mtu huyo ana jina, ni namna ya kumtukuza mwanadamu, ingawa kwa njia chungu.

Ziko tamthilia ambazo hata jina la muuaji hazilifichi. Columbo, iliyoanza kuonekana katika televisheni ya Marekani katika miaka ya 1960, humwonyesha mtazamaji mauaji na muuaji tangu mwanzo, kisha ndipo aingie yule afisa mwenye koti lililokunjamana, akiuliza maswali ya kipuuzi na kurudi mlangoni kuuliza jingine. Mtazamaji anajua. Afisa naye, aghalabu, huonekana kujua mapema mno. Basi saa nzima inapita katika nini? Katika kumfikisha mkosaji mahali ambapo kile kinachojulikana kitasemwa mbele yake, naye akishindwa kukikana. Ukilitazama vizuri hilo, utaona kwamba lina asili ya zamani kuliko televisheni. Katika Kitabu cha Mwanzo, Mungu anamwuliza Kaini alipo ndugu yake, na hali damu ya Habili imekwisha kumlilia kutoka ardhini. Na katika Kurani, Siku ya Hukumu, mikono itasema na miguu itashuhudia, na ardhi itatoa habari zake, mbele ya Mwenyezi ambaye halifichiki kwake lolote. Kwa nini Mjuzi wa yote aite mashahidi? Waumini wa dini zote mbili wana majibu mengi. Langu ni hili: kujua peke yake, hata kuwe kujua kwa Mola, hakujawa hukumu mpaka aliyedhulumiwa asikie, na aliyedhulumu asikie, na wote wawili wasikie mahali pamoja.

Sisi wa Bukavu tulilelewa na televisheni ya namna nyingine. Ile ya Zaire ilikuwa ikifungua taarifa yake ya habari kwa sura ya Mobutu ikishuka kutoka mawinguni, jambo ambalo lilikuwa ni akida kamili, kwani lilimpa mtawala jicho la mbinguni bila ya kumpa mizani yake. Na filamu za upelelezi, tulizotazama sebuleni kwa watu, mara ngapi zilikatwa na delestaji, yaani mgawo wa umeme, dakika zile zile ambazo muuaji alikuwa karibu kutajwa! Mwenye nyumba huwasha mshumaa, watoto hupiga kelele ya uchungu, kisha kila mmoja huenda zake na muuaji wake moyoni. Kesho yake, kisimani au njiani kwenda shule, majina matatu au manne yalikuwa yakishindaniwa. Nimepata kufikiri kwamba mazoea yale yametudhuru, kwa kuwa yalitufundisha kuona kwamba shida ya dunia ni kulijua jina tu, na kwamba umeme ungalirudi kwa wakati, mambo yangalikwisha.

Hayakwisha. Tarehe 29 Oktoba 1996, mji ulipokuwa ukianguka vitani, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa shirika la Wajesuiti, ambaye hakunyamaza juu ya wakimbizi wala juu ya wananchi, aliuawa Nyawera, katika mji huu huu. Kesi yake haikukosa harufu ya kufuatwa na paka, wala haikukosa watu wanaojua. Kilichokosekana ni mahakama ya kuusikia ujuzi huo. Na yaliyompata yeye ni moja tu katika mengi. Mwezi wa Oktoba 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ile ripoti ambayo kila mtu hapa huiita Mapping, yenye kurasa zaidi ya 500, iliyokusanya matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotendeka nchini tangu Machi 1993 hata Juni 2003; na waliotunga utaratibu wake walitaka kila tukio lithibitishwe na vyanzo viwili visivyotegemeana, sharti linalofanana kwa ajabu na lile la mashahidi wawili ambalo makadhi wetu wa pwani wamelishika karne nyingi. Upelelezi, basi, umefanywa, tena na wanadamu wenye taklifu. Miaka minane baadaye, huko Oslo, Desemba 2018, Daktari Denis Mukwege alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani, aliwaambia waliohudhuria kwamba ripoti ile inaota ukungu katika mtoto wa meza wa ofisi moja New York.

Mwenye kuilalia ripoti ile amekuwa kama nani? Paka wa simu alilala juu ya jalada kwa sababu karatasi ina joto, naye hana lawama. Wale wengine wanajua kusoma, wamevaa tai zao wenyewe, na wanalala vile vile.

Majina ya wanaoshukiwa hayakuchapishwa katika kurasa zile. Yamehifadhiwa kwa siri Geneva, katika ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Ewe msomaji wa Bukavu, wa Goma, wa Uvira au wa Kisangani, ukipata nafasi ya kusimama mbele ya mbunge wako, au ya mjumbe yeyote anayetembelea nchi hii kwa gari lenye bendera, usimwulize nani alifanya. Mwulize orodha ile itafunguliwa mbele ya hakimu gani, na siku gani.