Maji Yanayoshuka Kidete

Wajukuu zangu, juzi mlinisimulia mlivyotoka Dar es Salaam kwa treni mkafika hapa Morogoro chai ikiwa bado moto kwenye chupa. Nimefurahi sana. Treni hii ya umeme ilipoanza kuleta abiria mjini kwetu, Juni 2024, nilikwenda stesheni nikasimama tu, niione. Lakini mmoja wenu amesema amepata kazi upande wa njia ya reli, na kituo alichopangiwa ni Kidete. Huyo ndiye nina neno naye. Na nyie wengine msikilize, maana hata asiyefanya kazi relini, huenda shamba lake liko juu ya reli.

Kidete ni stesheni ndogo kati ya Kilosa na Gulwe. Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Kilosa 1909 na Dodoma 1910. Kutoka Kilosa kupanda bara milima imebana, ndiyo maana walishika bonde la mto Mkondoa, njia ileile ya misafara ya zamani. Yule Mzungu Stanley alipita humo mwaka 1871 akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, akakuta ziwa, akaliandika kwa jina la Ugombo. Kwa hiyo, mjukuu wangu, maji yalikuwa na makao yao pale kabla ya taruma la kwanza kulazwa. Baadaye likajengwa bwawa hapo Kidete la kuyapunguza kasi yasiishukie Kilosa yote kwa mara moja.

Nilikuwa kwenye genge la njia bonde hilo nikiwa kijana. Kazi yetu ilikuwa kushindilia kokoto, kukaza nati, kubadili mataruma yaliyooza, na kabla ya masika kuzibua makalvati. Kuna kalvati moja nililopewa mimi. Siku ile nilikuwa nimechoka, jua limeshatua, nikamwambia nyapara nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Ndani mlikuwa na gogo na mchanga hadi nusu.

Usiku mvua ikanyesha. Maji yalikosa pa kupita, yakapanda tuta, yakazoa kokoto zote. Alfajiri mwenzangu aliyekuwa akikagua njia kwa miguu alikuta reli na mataruma vinaning'inia hewani kama ngazi ya kamba. Alikimbia na bendera nyekundu kuelekea treni ya mizigo iliyokuwa inakuja, ikasimama. Dereva alishuka, akaenda kutazama lile shimo, akarudi akakaa chini kimya. Sijawahi kuusahau uso wake. Nilikwenda kwa nyapara nikasema ukweli, nikakatwa mshahara, na ilikuwa haki.

Basi wewe ukipewa fomu ya kusaini kwamba umekagua, nenda ukaone kwa macho yako ndipo usaini. Treni yenu inakwenda hadi kilometa 160 kwa saa. Hakuna wa kukimbia na bendera akaiwahi.

Wakati wa mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 mlikuwa wadogo. Kingo za bwawa la Kidete zilibomoka, Kilosa ikafunikwa, watu wakahamia kwenye mahema, na reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa vibaya hata safari za treni kutoka Dar zikasimama kwa miezi. Watu walilaumu mvua. Mimi nilitazama vilima vya juu: vimechomwa, vimelimwa kwa kushuka na mteremko, na mchanga wake wote umelala mtoni. Mto uliojaa mchanga hauna pa kuweka maji.

Hapa ndipo nawageukia nyie mnaolima huku kwetu. Maji ya milima yetu ya Uluguru hayapiti Kidete, hushukia mito ya Ngerengere na Ruvu, lakini reli inayavuka huko pia, na Dar inayanywa. Wakoloni waliwalazimisha wazee wetu kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 watu walichoka na amri, ghasia zikazuka Matombo, mtu akapoteza maisha. Wazee wale siwalaumu hata kidogo, kwani kulazimishwa juu ya ardhi ya mama zako kunauma. Ila tazameni Mgeta, ambako watu waliona ngazi zinashika udongo wa mboga zao. Wanazilima mpaka leo bila bwana shamba kusimama na fimbo. Chukueni ujuzi wa Mgeta, mwacheni mkoloni na amri zake.

Vuli inakaribia. Wewe wa Kidete, ukifika usianze na ofisi. Muombe mzee yeyote wa pale akuoneshe maji yalipita wapi mwaka ule bwawa lilipobomoka, kisha utembee kwa miguu kila kalvati, uiname, uchungulie mpaka uone mwanga wa upande wa pili. Jumapili nipigie simu uniambie umeona mangapi.