Heshima ya Kusema Sijui

Mwalimu mwanafunzi aendaye Malolo, wilayani Kilosa, kufanya mazoezi ya kufundisha Kiingereza, huambiwa kuwa anakwenda kusomesha lugha ya pili. Lakini kwa mtoto aliyeanza na Kividunda, kisha Kiswahili, hiyo ni lugha ya tatu. Na pengine kwa mwalimu mwenyewe vilevile.

Basi aulizwapo neno asilolijua, afanyeje? Wapo wasemao kuwa mwalimu akikiri kutojua, darasa halitamheshimu tena. Akibuni jibu, heshima yake itasalimika siku ile. Kosa litabaki daftarini, na katika sekondari, ambako masomo mengi hutahiniwa kwa Kiingereza, atakayelilipia ni mtoto. Haki gani hiyo?

Nyerere, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitoa upya, ameisahihisha. Hakupungukiwa kitu.

Asemaye “sijui, tulitafute katika kamusi” huenda akachekwa. Lakini mtoto aliyekuwa kimya kwa kuogopa kukosea atakuwa amepata ruhusa ya kufungua kinywa. Hapo ndipo mwalimu huanza kukua.